Urithi wa Mwili na Maandishi Yake: Mfano wa Selimundu

Waswahili husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," na katika methali hiyo fupi mna jambo ambalo wataalamu wa viumbe walichukua muda mrefu kulipatia maelezo. Kila mkulima na kila mfugaji alijua ya kuwa mtoto hufanana na wazazi wake. Lisilojulikana ni kitu gani hasa kipitacho kutoka kwa mzazi hata kumfikia mtoto. Lugha ilikisia kuwa ni damu: ndiyo sababu ndugu huitwa watu wa damu moja, na husemwa ya kuwa damu ni nzito kuliko maji. Maarifa ya leo yaonyesha kuwa kirithiwacho chafanana zaidi na maandishi, na ya kuwa ugonjwa mmoja ujulikanao sana Afrika Mashariki, yaani selimundu, watokana na kosa la herufi moja katika maandishi hayo. Makusudi ya makala haya ni kueleza maandishi hayo ni nini, husomwaje, na yaweza kusahihishwa kwa kadiri gani.

Mwaka 1866 mtawa Gregor Mendel, wa mji wa Brno, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya njegere. Alionyesha ya kuwa sifa za mmea hazichanganyiki kama maziwa na maji, bali hurithiwa kwa vipande vilivyo kamili, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Vipande hivyo ndivyo viitwavyo leo jeni. Mwaka 1869 mganga Mswisi, Friedrich Miescher, alipokuwa akichungua usaha uliotoka katika bandeji za wagonjwa, alipata ndani ya viini vya seli kitu ambacho hakikuwa protini. Kitu hicho kilikaa miaka mingi bila kupewa cheo, kwa kuwa wengi walidhani ni protini tu ziwezazo kubeba kazi kubwa kama urithi. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili, mjini New York, walionyesha ya kuwa ni kitu hicho, DNA, kilichogeuza aina moja ya bakteria kuwa nyingine. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha za eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin mjini London, walieleza umbo lake.

Umbo hilo ni la ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kamba mbili za pembeni ni za sukari na fosfeti zikipokezana. Kila kidato cha katikati ni jozi ya vitu viwili kati ya vinne: adenini, thimini, guanini na sitosini, ambavyo huandikwa kwa kifupi A, T, G na C. A hukutana na T peke yake, na G hukutana na C peke yake. Kwa hiyo ajuaye upande mmoja wa ngazi aujua na wa pili. Seli inapokaribia kugawanyika, ngazi hupasuliwa katikati na kila nusu hujengewa mwenzake. Hivyo nakala mbili hutoka mahali pa moja. Karibu kila seli ya mwanadamu yenye kiini ina kromosomu 46, yaani jozi 23, na seti moja ya kromosomu 23 ina herufi zipatazo bilioni 3.

Wachunguzi wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wajua vema kazi ya mnakili. Hati hunakiliwa, nakala nayo hunakiliwa tena, na nukta moja ikiachwa huweza kugeuza neno. Kosa likishaingia, kila nakala itokayo katika hati ile hulirithi, na kwa makosa hayo wachunguzi huweza kutambua hati ipi imezaliwa na ipi. Seli nayo ina vimeng'enya visahihishavyo nakala, na makosa yake ni machache mno; lakini kosa likipita katika seli za uzazi, huenda kwa watoto kwa njia iyo hiyo.

Herufi hizo nne huunda maneno ya herufi tatu tatu. Kwa kuwa kila nafasi yaweza kukaliwa na herufi yoyote kati ya nne, maneno yote ni 64. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walilisoma neno la kwanza mwaka 1961, na kufikia mwaka 1966 kamusi nzima ilikuwa imekamilika: maneno 61 hutaja asidi amino, ambazo ni 20, na maneno 3 yaliyobaki ni alama za kikomo. Asidi amino nyingi, basi, zina visawe. Baina ya maneno hayo hakuna nafasi. Mfano wa Kiswahili waweza kulidhihirisha jambo hili: AJEALEUJI. Msomaji akianza mahali pake na kuhesabu tatu tatu, apata "aje ale uji." Herufi ya pili ikidondoka, hesabu yageuka kuwa AEA LEU JI, na maana yote yapotea tangu pale. Lakini J ya mwisho ikigeuzwa kuwa Z, yapatikana "aje ale uzi." Hapa kosa ni la herufi moja, maneno yote yatambulikana na sarufi haikuvunjika, hata hivyo mlaji atadhurika.

Wataalamu wa viumbe walipotafuta majina ya hatua za kujenga protini, waliyaazima kwa wanalugha. Hatua ya kwanza ni unukuzi. DNA haitoki katika kiini; sehemu yake moja hunukuliwa katika RNA, ambayo ina upande mmoja tu na hutumia herufi U mahali pa T. Nakala hiyo, iitwayo RNA mjumbe, hutoka nje ya kiini. Hatua ya pili ni tafsiri, na mahali pake ni ribosomu. Huko RNA za aina nyingine, zinazostahili kuitwa hamali, huleta asidi amino moja moja, na kila hamali ana herufi zake tatu zinazopatana na neno la mjumbe. Ribosomu husoma neno, hupokea mzigo, huufunga katika mnyororo, kisha husogea mbele hata ifike alama ya kikomo. Mnyororo ukikamilika hujikunja, na umbo lake ndilo liupalo kazi. Tafsiri hii yatofautiana na ile ya vitabu kwa jambo moja kubwa: mfasiri hana hiari wala hajui maana. Kosa lililomo katika hati atalitafsiri kwa uaminifu.

Ndivyo ilivyo katika selimundu. Himoglobini ni protini nyekundu ichukuayo oksijeni katika damu. Ina minyororo minne: miwili ya alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta, yenye 146. Jeni ya mnyororo wa beta imo katika kromosomu ya 11. Mahali pa asidi amino ya sita ya mnyororo huo watu wengi wana neno GAG, ambalo hutaja asidi ya glutamiki. Jeni yenye badiliko la selimundu ina GTG, ambalo hutaja valini. Asidi ya glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia, na himoglobini iachapo oksijeni yake, valini hiyo hujishikiza kwa himoglobini ya jirani. Nyuzi ndefu huundwa, na chembe ya damu iliyokuwa ya mviringo hupindika kama mundu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Iliyopindika hivi huishi siku 10 hadi 20. Ndipo damu hupungua, na chembe hizo zizibapo mishipa midogo mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa na viungo. James Herrick, wa Chicago, alizieleza chembe hizo mwaka 1910. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kuwa kasoro imo katika himoglobini yenyewe. Na mwaka 1957 Vernon Ingram, mjini Cambridge, alibainisha asidi amino iliyobadilika.

Swali lililobaki ni hili: kosa lenye madhara namna hii limedumuje? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949, akaona ya kuwa badiliko hilo lilikuwa la kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nalo lilikuwa adimu katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza ushahidi ya kuwa mtu aliyerithi badiliko kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria. Palipo na malaria nyingi, basi, jambo lililowaua wachache liliwaokoa wengi, na kwa hiyo likahifadhiwa.

Hapa uchaguzi wa maneno waingia majumbani mwa watu. Mwenye jeni moja iliyobadilika kwa kawaida ni mzima. Mwenye mbili ndiye mgonjwa. Wazazi wawili wenye jeni moja moja huweza kuishi bila kujua habari hiyo, lakini katika kila mimba yao mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa. Neno "selimundu" likitumiwa kwa hali zote mbili, mzima huitwa mgonjwa, na uchumba huweza kuvunjwa kwa hofu isiyo na msingi. Yafaa basi yule wa kwanza aitwe mbebaji, na wa pili mgonjwa, pasipo kuchanganya. Kadhalika, asemaye ya kuwa ugonjwa "umetoka kwa mama" amekosea, maana mtoto hapati jeni mbili za selimundu pasipo kupokea moja kwa kila mzazi. Neno "vinasaba" nalo, lililoundwa kutokana na nasaba, limeenea kwa maana ya DNA na kwa maana ya jeni pia. Ni neno zuri, kwa kuwa lajieleza lenyewe. Ila jeni ni sehemu ya DNA kama aya ilivyo sehemu ya hati, na mahali pahitajipo usahihi vitu hivyo viwili vyafaa kutengwa.

Maandishi yalipokwisha kusomeka, haikuwa ajabu watu kutaka kuyaandika. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer, huko California, walikata vipande vya DNA kwa vimeng'enya, wakaviunganisha na DNA ya duara ya bakteria, na bakteria wakavinakili kama vyao. Huo ndio mwanzo wa uhandisi jeni. Mwaka 1978 bakteria walitiwa jeni ya insulini ya binadamu, na mwaka 1982 insulini hiyo iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa kisukari, ambao kabla ya hapo walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe. Jambo hili liliwezekana kwa sababu kamusi ya maneno 64 ni karibu moja kwa viumbe vyote: bakteria huisoma hati ya mwanadamu bila kuhitaji mkalimani.

Njia hiyo iliongeza maandishi. Kuyahariri mahali pake ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza chombo kilichotokana na kinga ya bakteria dhidi ya virusi, kiitwacho CRISPR. Chombo hicho hupewa RNA fupi ya kukiongoza, nacho hutafuta maandishi yanayolingana nayo na kukata hapo. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliruhusu tiba ya selimundu itumiayo chombo hicho, na Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Yafaa kutambua ya kuwa tiba hiyo haiigusi herufi iliyokosewa. Seli zizaazo damu hutolewa kwa mgonjwa, hukatwa mahali panapozuia kutengenezwa kwa himoglobini ya mtoto aliye tumboni, kisha hurudishwa baada ya zile za zamani kuuawa kwa dawa kali. Kizuizi kikidhoofika, himoglobini ile ya utotoni, isiyo na kosa, hutengenezwa tena kwa wingi.

Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ilhali wagonjwa walio wengi wako Afrika, kusini ya Sahara, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa. Kwao msaada ulio karibu zaidi ni kupimwa mapema watoto wachanga, kukingwa na maambukizo, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo nayo huongeza himoglobini ya utotoni.

Tiba hiyo mpya hubadili mwili wa mgonjwa peke yake; watoto wake huirithi hati ya zamani. Kubadili kiinitete ni jambo jingine. Mwezi wa Novemba 2018 He Jiankui, mtaalamu wa China, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao jeni zao alizibadili wakiwa viinitete, na mwaka 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Wahariri wa hati za kale wana desturi njema: usomaji mpya huuonyesha, na neno la zamani huliweka pembezoni, ili ajaye baada yao aweze kuhukumu. Abadiliye kiinitete haachi pembezo, na watakaoirithi hati hiyo hawakuulizwa. Mambo haya yataamuliwa pia na watu wasemao Kiswahili, hospitalini, bungeni na nyumbani. Nao wataamua vema kadiri maneno watakayopewa yatakavyokuwa wazi.