Kichina katika tarakilishi yako: huhitaji fundi

Ni Jumapili jioni. Binti yako anajifunza Kichina, na kesho asubuhi mwalimu anangoja insha iliyopigwa chapa. Kibodi ya nyumbani ina A hadi Z tu. Je, mtafanyaje?

Usikimbilie kumlipa fundi. Ikiwa tarakilishi yenu inatumia Ubuntu, aina ya Linux inayotolewa bure tangu 2004, kazi hii mwaweza kuimaliza wenyewe kabla ya chakula cha usiku.

Kwanza, hakikisha una intaneti. Tafuta 'Language Support' kati ya programu zako, bonyeza 'Install/Remove Languages', kisha utie alama kwenye 'Chinese (simplified)'. Ukikubali, mashine itadai nywila na kupakua yanayohitajika. Ikimaliza, toka katika akaunti yako na uingie upya. Wengi huiruka hatua hii, kisha wakalalamika kwamba mambo hayaendi.

Pili, fungua 'Settings', nenda 'Keyboard', ubonyeze alama ya kujumlisha. Chagua 'Chinese', halafu 'Chinese (Intelligent Pinyin)'.

Sasa shikilia kitufe cha Super, kile ambacho katika kibodi nyingi kina nembo ya Windows, na ubonyeze kitufe cha nafasi. Andika: nihao. Orodha ya maandishi ya Kichina itajitokeza. Chagua 你好, yaani 'hujambo', kwa kubonyeza nambari yake.

Siri yenyewe ni pinyin: matamshi ya Kichina yakiandikwa kwa herufi za Kilatini. Hivyo basi usihofu kwamba mashine itamfanyia mtoto kazi ya darasani. Maneno ya sauti moja ni mengi, na ni sharti yeye ajue analolitaka.

Tahadhari moja: katika 'Language Support', usikivute Kichina hadi juu ya orodha. Ukifanya hivyo, utakapoingia tena utakuta menyu zote ni za Kichina! Dawa ni kukirudisha Kiingereza juu.

Na ukiona visanduku vitupu badala ya maandishi, mashine haijaharibika. Imekosa fonti tu. Sakinisha kifurushi kiitwacho fonts-noto-cjk.

Insha ikiisha, bonyeza Super na nafasi tena. Kibodi yako ya kawaida ingali palepale. Mgeni njoo, mwenyeji apone!