CentOS Linux

CentOS Linux ilikuwa mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliotolewa bure na jumuiya ya watu wa kujitolea kuanzia mwaka 2004. Ulitengenezwa kutokana na msimbo chanzo wa Red Hat Enterprise Linux (RHEL), mfumo wa kibiashara wa kampuni ya Red Hat ya Marekani.

Mifumo hiyo miwili ilifanana karibu kwa kila kitu. Tofauti kubwa ilikuwa katika huduma. Mteja wa RHEL hulipa ada na kupata msaada wa mafundi wa kampuni anapokwama. Mtumiaji wa CentOS hakulipa kitu, lakini alitegemea wataalamu wake mwenyewe na jumuiya. Hivyo biashara nyingi zenye wataalamu wao ziliitumia katika seva zao.

Mwaka 2014 Red Hat ilianza kuudhamini mradi huo. Desemba 2020 ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Nafasi yake ilichukuliwa na CentOS Stream, inayopokea mabadiliko kabla hayajaingia RHEL. Rocky Linux na AlmaLinux zilianzishwa ili kujaza pengo hilo bila malipo.

Kwa hiyo bei si jambo pekee la kuangaliwa na biashara inapochagua mfumo. Ni muhimu pia kujua nani atautengeneza ukiharibika, utahudumiwa kwa miaka mingapi, na nani ana mamlaka ya kuusimamisha.