Ndege wa Mida: Wageni wa Desemba wanaofuata kupwa na kujaa kwa bahari

Kila ifikapo likizo ya Desemba, familia nyingi kutoka bara humiminika Pwani. Tangu reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, safari hiyo imekuwa nyepesi hata kwa wenye watoto wadogo na wazee. Aghalabu siku zote za mapumziko huishia ufuoni: watoto huogelea, wazazi hukaa vivulini, na jioni jamaa ambao hawakuwa wameonana mwaka mzima hujumuika kwenye sinia la wali wa nazi. Ni wachache wanaotenga angalau nusu siku kwenda kutazama ndege katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Na miongoni mwa hao wachache, wengi hurudi wakinung'unika kwamba hawakuona ila tope, au maji matupu.

Manung'uniko hayo yana chanzo kimoja. Walikwenda saa isiyofaa.

Hori ya Mida ni mkono wa bahari wenye ukubwa wa takriban kilomita 32 mraba, katika Kaunti ya Kilifi. Umezungukwa na mikoko ya aina mbalimbali, ikiwemo mchu, muia na mkandaa, na ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu. Mbuga za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Maji yakipwa, eneo kubwa la tope na mchanga hubaki wazi, nalo limejaa kaa wadogo, minyoo na konokono. Hiyo ndiyo meza ya ndege. Tatizo ni kwamba meza yenyewe ni pana mno: bahari ikiwa imepwa kabisa, ndege hutawanyika mbali hata wakaonekana kama punje za mtama zilizomwagwa uwanjani. Bahari ikijaa kabisa, meza hufunikwa na ndege huenda kupumzika mahali pakavu.

Kwa hivyo wakati mwafaka ni katikati, maji yanapopanda. Saa mbili au tatu kabla ya bahari kujaa, maji huwasukuma ndege hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, huku wakiharakisha kula kabla karamu haijafungwa. Hapo mtu aliyetulia huweza kuwaona kwa karibu, hata bila darubini.

Saa hiyo huijuaje mgeni wa kutoka Nakuru au Kakamega? Mwezi ndio kalenda. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni siku za bamvua, ambapo maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti ikipita mita tatu. Katika pwani ya Kenya siku hizo bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Basi familia inayofika Mida siku ya bamvua saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai bila haraka, itakuta tope tupu hadi upeo wa macho. Ingengoja hadi saa saba au saa nane mchana, ingeona mengine. Siku za maji mafu, takriban wiki moja baadaye, mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, ingawa hayapandi sana. Kati ya hapo, saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Asiyetaka kupiga hesabu na amwulize mvuvi yeyote wa Dabaso, kwani riziki yake inategemea jambo hilo hilo.

Wanaoonekana wakati huo si wenyeji wote. Kulastara na yangeyange huishi hapo mwaka mzima, lakini makundi makubwa ya vitwitwi, wale ndege wadogo wa rangi ya tope wanaokimbia na kusimama ghafla, yametoka mbali. Mmoja wao, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, huzaliana katika nyika za barafu za Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi. Kutoka rasi ya Taimyr hadi Mida ni zaidi ya kilomita 9,000, na ndege mwenyewe ana uzani wa gramu 60 hivi. Idadi ya makinda wanaofika Afrika hutegemea hata panya wa huko kwao, wanaoitwa lemingi. Panya wakiwa wengi, mbweha hushiba na kuwaacha makinda. Panya wakipungua, mbweha huwageukia ndege, na mwaka huo vijana huwa adimu katika fuo za kusini.

Sululu naye ni mkubwa zaidi, na watoto humpenda kwa jinsi anavyoingiza mdomo wake uliopinda shimoni, akamtoa kaa na kumtikisa mpaka miguu ikatike kabla ya kummeza.

Lakini anayewaleta wapenzi wa ndege Mida kutoka nchi za mbali ni ndege mla kaa, mweusi kwa mweupe, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama jambia. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana katika visiwa na fuo za Bahari ya Shamu, Ghuba, Oman na Somalia, na ana desturi ambayo jamaa zake wa pwani hawana: huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake. Joto la mchanga husaidia kuliatamia, hivyo wazazi huweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta chakula. Mababu wa Pwani walizoea kuona majahazi ya Ghuba yakija na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Ndege huyu hupita njia karibu na hiyo, ila hausubiri upepo, kwa kuwa huanza kuwasili kabla kaskazi haijavuma.

Na hapa pana jambo ambalo familia iliyo likizoni ingelifurahia. Ndege wengi wa pwani huwaacha makinda wajitegemee mapema. Mla kaa hafanyi hivyo. Kinda lake, ambalo mgongo wake ni wa kijivu badala ya mweusi, husafiri na wazazi na huendelea kuomba chakula kwa miezi kadhaa. Mwezi wa Desemba huweza kuonekana Mida likimfuata mzazi, limeinamisha kichwa na kupiga kelele, naye mzazi akihangaika na kaa.

Ndipo mwenendo wa wageni unapokuwa na uzito. Ndege hawa hawaji kupumzika. Wanatengeneza manyoya mapya na, kabla ya kuondoka mwezi wa Aprili na Mei, hulimbikiza mafuta mwilini hata uzani wa baadhi yao ukapanda kwa zaidi ya thuluthi. Muda wa kula huamuliwa na maji. Kila wanaporushwa na mbwa, na mashua inayopita karibu mno au na kijana anayewakimbilia ili apige picha, hupoteza dakika za kula na kuchoma mafuta waliyoweka. Mara moja haidhuru. Mara kumi kwa siku, siku zote za msimu wenye wageni wengi, ni hesabu nyingine. Mwaka 2024 shirika la IUCN lilimweka kitwitwi huyo wa Siberia katika kundi la viumbe walio hatarini, baada ya idadi yake duniani kushuka. Sababu zake ni nyingi, hasa kuharibiwa kwa fuo za tope katika njia wanazopitia, na Mida peke yake haiwezi kuzitatua. Inaweza tu kutoziongeza.

Njia rahisi ya kuwaona bila kuwasumbua ni daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, ambalo huishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Anayelipa ada ya kupita hapo hachangii ubao na kamba tu. Mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na kusimamiwa na A Rocha Kenya, hutumia mapato ya utalii kuwalipia karo ya shule ya upili wanafunzi wa jamii zinazopakana na hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi ambaye mwanawe anasoma kwa sababu ya mikoko ana sababu ya kutoikata. Mabaki ya chakula yarudi na wenyewe, kwani huwavuta kunguru wa Kihindi ambao hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ilitangaza azma ya kuwaangamiza milioni moja.

Mwenye siku ya pili ataingia Arabuko-Sokoke alfajiri akiongozwa na mwelekezi wa huko, kwa sababu bundi mdogo wa msitu huo, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1966, haonekani na asiyejua mti anaolalia. Au atakwenda kaskazini mwa Malindi, Mto Sabaki unapoingia baharini, kuwatazama heroe na shakwe wakisimama juu ya udongo uliosombwa kutoka mashamba ya bara. Huko pia kuna viboko, na watoto wasiachwe wakatangulia.

Wale ambao likizo yao huangukia Agosti wasikate tamaa. Vitwitwi wengi wachanga, wasiofikia umri wa kuzaa, hawarudi Siberia mwaka wa kwanza. Hubaki Mida wakati wa kusi, wakila na kupumzika kwa saa zile zile za maji, hadi wakubwa wao warejee.