Jua na Mungu kwa Jina Moja

Eneo la Gehandu liko katika nchi ya Wairaqw na Wabarbaig, upande wa Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako mkulima na mfugaji wameishi jirani kwa vizazi vingi. Ukimuuliza mzee wa Kiiraqw jina la Mungu kwa lugha yake, atakwambia Looaa, na neno hilo hilo ni la jua. Mzee wa Kibarbaig, ambaye lugha yake ni Kidatoga, atakwambia Aseeta, nalo vilevile ni Mungu na ni jua. Ukiyasikiliza maneno haya mawili, hutasikia undugu wowote wa sauti, ila maana zake zimekutana. Naamini kukutana huko ni ushahidi wa historia ambayo hakuna aliyeiandika ilipotokea: pamoja na ng'ombe na nafaka, majirani wa nyanda hizi walipeana fikra.

Tuanze na ukoo wa lugha zenyewe. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti, na jamaa zake wa karibu ni Wakalenjin wa Kenya, ambao humwita Mungu Asis na jua huliita asista. Kwa hao, undugu wa sauti na Aseeta uko wazi. Kaskazini-mashariki, Wachaga wa Kilimanjaro ni Wabantu, na kwao Ruwa ni Mungu na ni jua pia. Hapa ndipo jambo linapokolea, kwa sababu Ruwa ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, jua. Waganda husema enjuba, Wanyarwanda husema izuba. Sauti ya b iliyobaki kwao imelainika kuwa w kwa Wachaga na kudondoka kabisa katika Kiswahili. Mzizi ni mmoja, lakini mwenendo wa maana si mmoja. Mganda anapomtaja Mungu husema Katonda, Mnyarwanda husema Imana, nasi Waswahili husema Mungu, jina lenye asili moja na Mulungu anayetajwa na Wabantu wengi hadi Malawi. Mchaga, aliyekaa jirani na Wakushi na Waniloti, ndiye aliyelipandisha jua hadi kwenye jina la Muumba.

Lugha hukopa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua neno lenyewe, kama Wakikuyu na Wakamba walivyomchukua Ngai kutoka kwa Wamaasai, ambao kwao Enkai ni Mungu, mvua na mbingu. Mkopo wa namna hii hausumbui kuutambua, kwa sababu sauti inamtaja mwenyewe. Njia ya pili ni kuchukua maana peke yake na kuivika neno la nyumbani. Mwanahistoria Christopher Ehret, aliyechunguza kwa miaka mingi lugha za Afrika Mashariki, ameeleza kwamba wazo la kumfungamanisha Mungu na jua liliwafikia Wakalenjin kutoka kwa Wakushi wa Kusini, ambao Wairaqw ni wa ukoo wao. Kwa hoja hiyo, neno Asis ni la Kiniloti, na maana yake ya Uungu ilijifunzwa kwa jirani.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba jua huonekana na kila mtu, na Wamisri wa kale walimwita mungu wao wa jua Ra bila kufundishwa na mtu wa Mbulu. Ni kweli, na kama tungekuwa na kabila moja tu, hoja ingeishia hapo. Lakini wazo hili lingekuwa linazuka lenyewe kila penye jua, tungetarajia kulikuta kwa Waganda na Wanyarwanda pia, ambao jua lao si hafifu kuliko la Kilimanjaro. Wengine huvutwa na sauti na kudai kwamba Ruwa ametokana na Ra. Kufanana kwa silabi moja hakuthibitishi kitu. Ruwa ana ndugu zake wa Kibantu wanaojulikana, na kanuni za sauti zinatosha kumweleza.

Pingamizi zito zaidi ni lile lililotolewa na wageni wengi, kwamba watu wa nyanda hizi waliabudu jua. Ibada zao zinasema vingine. Katika slufay, sala ndefu ya Wairaqw, mzee hutongoa kwa niaba ya watu wote, akiomba mvua, mifugo, watoto na amani. Looaa anayeombwa ni wa kike, mpole kama mama, tofauti na netlangw, pepo wa mitoni wanaoogopwa. Anayeomba hivyo anazungumza na mwenye huruma anayesikia, na jua ni ishara ya wema wake. Kiswahili hakitofautishi kike na kiume katika ngeli za nomino, kwa hiyo tunapoandika Mungu mahali pa Looaa, umama huo unapotea kimyakimya.

Leo Kiswahili ndiyo lugha ya shule za msingi na ya ibada nyingi Manyara, na faida yake ni kubwa. Lakini maneno Looaa na Aseeta yana habari ambayo neno Mungu peke yake haliwezi kuitoa. Walimu, viongozi wa dini na vijana wa Mbulu na Hanang, waulizeni wazee maana zote za maneno haya, kisha ziandikeni zingali zinasemwa.