Kibao cha Kukatia: Sabuni Kwanza, Dawa Baadaye

Vyombo vinavyogusana na chakula ni vile vyote ambavyo zao hupita juu yake au ndani yake: tenga, kreti, meza ya kuchambulia, kisu na kibao cha kukatia. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mboga hupitia vyombo hivyo mara nyingi kabla ya kufika mezani Moshi. Baadhi humwagiliwa kwa mifongo, mifereji ya asili ya Wachaga inayopita kati ya nyumba na mifugo, na maji ya namna hiyo yanaweza kubeba Salmonella na E. koli.

Parachichi huonyesha jinsi vijidudu vinavyosafiri. Ganda haliliwi, kwa hiyo wengi hawalioshi. Kisu kikipenya, huvibeba vijidudu vya juu ya ganda hadi kwenye nyama, kisha huviacha kwenye kibao, ambako nyanya za kachumbari hukatwa baadaye.

Vikikaa kwenye mikwaruzo ya kibao, vijidudu hujitengenezea utando unaoteleza. Dawa ya kutakasa yenye klorini ikimwagwa juu ya utando au makombo, klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia. Ndiyo maana kazi hufuata mpangilio: kukwangua makombo, kusugua kwa sabuni, kusuuza, kutakasa, kisha kuacha chombo kikauke chenyewe.

Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, katika lita 1 ya maji safi, hutoa takriban sehemu 175 za klorini kwa milioni. Nchini Marekani kikomo cha kutakasa bila kusuuza tena ni 200. Mchanganyiko huandaliwa kila siku, kwa kuwa jua na joto huumaliza nguvu. Hauchanganywi kamwe na siki wala ndimu, kwani hutoa gesi ya sumu.

Mwaka 2011, matikiti ya shamba moja la Colorado, Marekani, yaliambukiza Listeria watu 147, na 33 wakafa. Wachunguzi waliikuta kwenye mashine za kufungashia zilizokuwa ngumu kusafishika. Kibao chenye nyufa kina kasoro hiyohiyo: brashi haifiki ndani, na dawa nayo haifiki. Hicho hakitakaswi, hubadilishwa.