Waya Moto Upande wa Kushoto

Mpangaji anayehamia nyumba mpya Ruiru, iwe ni Kimbo au Membley, hupima soketi kwa chaja ya simu. Simu ikianza kuchaji, soketi ni nzima, anaendelea kupanga vyombo. Lakini chaja haiwezi kumwambia kama waya moto na nyutro zimebadilishana nafasi nyuma ya soketi. Kosa hilo halizimi taa, halipunguzi joto la pasi wala halimalizi tokeni haraka. Linaweza kukaa ukutani miaka na mikaka, na mara nyingi hujulikana baada ya mtu kupigwa na stima.

Stima ya kawaida ya nyumbani hapa Kenya ni ya volti 240 na huja kwa nyaya mbili. Waya moto, ambao mafundi huuita laivu, ndio wenye nguvu ya kukudhuru. Nyutro ni njia ya kurudia, nayo imefungwa ardhini kule kwenye transfoma, kwa hiyo kati yake na sakafu uliyosimamia hakuna tofauti kubwa ya volti. Birika halijali stima imeingilia upande gani, kwa sababu mkondo wenyewe hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde. Vinavyojali ni vile vilivyowekwa kukulinda: swichi, fyuzi na breka. Katika nyumba zetu nyingi, vyote vitatu hukata waya mmoja tu, ule unaotarajiwa kuwa moto. Nyaya zikigeuzwa, swichi hukata nyutro. Kifaa kinazima, nawe unaamini hakina stima, kumbe volti 240 zimo ndani yake. Fyuzi iliyo ndani ya plagi yetu ya pini tatu nayo ni vivyo hivyo: ikiungua, kifaa hunyamaza huku kikiwa bado na moto.

Mahali ninapopaogopa zaidi ni bafuni. Ploti nyingi za Ruiru na Juja hutegemea maji ya kisima kirefu, na mengi yana chumvi. Chumvi hiyo huganda kwenye matundu ya shawa ya umeme hadi maji yatoke kwa michirizi miwili mitatu. Mwenye nyumba hufanya anachofanya kila mtu: anazima swichi ya ukutani, anafungua kichwa cha shawa na kuanza kukisugua kwa mswaki mkuukuu. Ndani ya shawa nyingi za aina hii, koili ya kuchemshia iko wazi, inagusana na maji moja kwa moja. Swichi ikiwa ni ya kukata waya mmoja na nyaya zimegeuzwa, koili hiyo ina moto wakati wote, hata usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Nimewahi kukuta hali hiyo katika nyumba moja Makongeni, Thika. Swichi ilikuwa imezimwa, kitaa chake chekundu kimezimika, na testa iliwaka mara tu ilipogusa koili. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wameoga hapo asubuhi.

Kwa sababu hiyo swichi ya shawa lazima iwe ya kukata nyaya zote mbili kwa pamoja. Bei yake haitoshi kuwa kisingizio cha kununua nyingine.

Kugeuka kwa nyaya kwenye soketi moja ni hatari ya soketi hiyo. Zikigeuka pale stima inapoingilia, kabla ya kisanduku cha breka, nyumba nzima imegeuka, na hapo hatari inaongezeka kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Tuseme waya wenye moto umechubuka na kugusa bodi ya chuma ya friji, ambayo imeunganishwa na waya wa ardhini. Breka ilitakiwa kuruka mara moja. Lakini breka sasa imekaa kwenye nyutro, na mkondo unaokimbilia ardhini haupitii kwake hata kidogo. Waya utaendelea kupata joto mpaka kitu kingine kikate stima, au moto uanze. Kwa hiyo baada ya nguzo kubadilishwa au waya wa kutoka kwenye nguzo kufungwa upya, nyumba ipimwe tena hata kama taa zinawaka vizuri.

Kosa hili linatoka wapi? Mara nyingi ni rangi. Nyumba za zamani za Thika zina waya nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Waya za sasa ni kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro. Sasa chukua ghorofa linalopelekewa stima ya fezi tatu. Kwa mpangilio wa zamani fezi hizo ni nyekundu, manjano na buluu. Kwa mpangilio mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu. Maana yake, buluu ni waya moto kwa fundi mzee na ni nyutro kwa kijana aliyetoka chuoni majuzi, na nyeusi ni kinyume chake. Jengo likiongezwa orofa na fundi mwingine, rangi hizi hukutana ndani ya kisanduku kimoja, na kila fundi ana hakika na anachokijua. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe leseni, lakini pia mwombe apime ukiwa umesimama hapo.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Ukiitazama soketi, tundu la waya wa ardhini likiwa juu, moto unatakiwa kuwa kulia na nyutro kushoto. Nunua kipimo cha soketi, kile kinachofanana na plagi chenye vitaa vitatu. Ukikichomeka, mpangilio wa vitaa hukuonyesha kama nyaya zimegeuzwa au kama waya wa ardhini haupo. Usipitishe kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili kufungua vizibo vya chini. Najua ndivyo chaja za pini mbili zinavyoingizwa katika nyumba nyingi, lakini kwa kufanya hivyo umeacha njia wazi kwa kidole cha mtoto.

Ongeza pia breka ya uvujaji ya miliampia 30, ile mafundi wanayoiita RCD. Hiyo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kwa hiyo inakata hata nyaya zikiwa zimegeuzwa. Haitibu kosa, ila inakupa nafasi ya kubaki hai.

Wanaotengeneza magari ya kulala ndani kwa safari ndefu nao wanahusika. Uganda soketi ni kama zetu. Lakini ukivuka Moyale kuingia Ethiopia, au ukifika Rwanda, utakuta soketi za pini za duara, na plagi nyingi za huko zinaingia hata ukizigeuza juu chini. Kule moto unaweza kuwa upande wowote, na si kosa la mtu. Gari lililofungwa breka za waya mmoja kama nyumba ya Ruiru halifai safari hiyo. Lifungwe breka kuu ya kukata nyaya zote mbili, pamoja na RCD, kisha kipimo cha soketi kikae ndani ya gari. Ukifika kambini, pima kabla ya kuwasha chochote. Kipimo kikionyesha hakuna waya wa ardhini, usiunganishe hapo. Kikionyesha nyaya zimegeuzwa, chomoa plagi, igeuze na upime tena. Ikiwa haigeuki, tumia waya mfupi wa kuunganishia ambao fundi ameugeuza kwa makusudi, uliofungwa utepe mwekundu na kuandikwa kazi yake. Ukirudi Thika uutoe kwenye gari, maana kwenye soketi iliyofungwa sawasawa waya huo ndio utakaogeuza stima.