Sikio Hupokea Silabi

Mfalme Njoya wa Wabamum, nchini Kamerun, alianza kubuni maandishi ya lugha yake karibu na mwaka 1896. Mwanzoni alama zake zilikuwa picha za maneno, zikapita 500. Nani angezikariri zote? Akazipunguza awamu kwa awamu, na kufikia 1910 zilibaki 80 hivi, nazo sasa ziliwakilisha silabi. Momolu Duwalu Bukele wa Liberia alikuwa amewabunia Wavai alama za silabi tangu miaka ya 1830. Marekani nako, Sequoyah, Mcherokee asiyejua kusoma Kiingereza, alikamilisha alama zake za silabi mnamo 1821.

Kwa nini wote waliishia kwenye silabi, wasifike kwenye herufi mojamoja?

Jaribu kutamka b peke yake. Huwezi; irabu fulani itachomoza tu. Midomo inapofumbuka kutoa "ba", ulimi tayari umeshajiweka kwa ajili ya a. Sauti hizo mbili hufika sikioni zikiwa zimeshikana.

Mwaka 1979 mtafiti José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa vijijini Ureno: ondoa sauti ya kwanza ya neno, au ongeza nyingine mbele yake. Wasiojua kusoma walishindwa mara nyingi. Wenzao wa maisha yaleyale, waliojifunza kusoma ukubwani, waliweza. Tungedhani ni elimu tu, lakini mwaka 1986 ilionekana kwamba Wachina waliosoma kwa maandishi ya jadi pekee nao walikwama, ilhali waliojua pia kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini walifaulu. Kumbe alfabeti yenyewe ndiyo inayotufundisha kuipasua silabi.

Watoto wetu hawakuhitaji utafiti kujua kwamba silabi hushikana. Wakicheza kinyume, "nyumba" hugeuka "mbanyu" papo hapo, na "mba" huhama nzima, hakuna anayehangaika kutenganisha m na b.

Ndiyo maana naona ba be bi bo bu, wimbo wa darasa la kwanza ambao wengine huudharau kuwa ni wa kizamani, unakifaa sana Kiswahili, lugha ambayo silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Herufi lazima zifundishwe, maana ndizo tunazoandikia. Ila mwalimu, na wewe mzazi, mtoto akisoma "ba" vizuri kisha akashindwa kukutajia sauti yake ya kwanza, msimwite mzito. Mwendelezeni kusoma, uwezo huo utakuja na herufi zenyewe.